Dola Moja ya Banting

Kila ifikapo tarehe 14 Novemba dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Wengi wetu Visiwani tunao jamaa waishio kwa sindano ya insulini, lakini ni wachache wajuao sababu ya kuchaguliwa siku hiyo. Ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, mwaka 1891, mwana wa mkulima wa Alliston, nchini Kanada.

Banting hakuwa mwanachuoni mashuhuri. Alikuwa daktari wa upasuaji aliyejeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na aliporejea kwao wagonjwa wakawa hawamjii. Mwaka 1921 alipokelewa Chuo Kikuu cha Toronto, ambako Profesa John Macleod alimpa maabara, mbwa wa majaribio na kijana msaidizi, Charles Best. Baadaye aliongezwa James Collip, mjuzi wa kemia. Januari 1922 dawa waliyoitoa katika kongosho za wanyama ilidungwa kwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa akingojea mauti. Sindano ya kwanza haikufaa. Ya pili, baada ya Collip kuisafisha dawa, ilimwinua.

Hapo ukazuka mtihani mwingine: nani aimiliki dawa hii? Banting aliona si uungwana kwa daktari kujiandikishia tiba kama mtu ajiandikishiavyo shamba. Hata hivyo, mali bila daftari hupotea bila habari. Mjanja yeyote angeweza kuomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, akaifungia dawa na kuiuza kwa bei aitakayo. Au akawauzia wagonjwa dawa hafifu kwa jina la insulini.

Basi hataza ikachukuliwa, na mwaka 1923 Banting, Best na Collip wakaikabidhi kwa chuo kwa dola moja kila mmoja. Chuo hakikuweza peke yake kutengeneza dawa ya kutosha. Kilikuwa kimekwisha kufunga mkataba mwaka 1922 na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, kwa upendeleo wa muda mfupi tu. Kisha viwanda vingine vikapewa ruhusa. Dawa ilipimwa ubora chini ya usimamizi wa chuo, na ada zilizolipwa zikarudi kugharimia utafiti.

Mwaka huo wa 1923 Banting na Macleod walitunukiwa Nishani ya Nobel. Banting alimgawia Best nusu ya fedha zake. Alifariki mwaka 1941 katika ajali ya ndege huko Newfoundland, hajatimiza miaka 50.

Wapo wasemao kuwa hataza ni chombo cha kuwanyonya wanyonge. Hawakukosea kabisa: leo soko la insulini limo mikononi mwa makampuni machache, na kwa wagonjwa wengi bei yake ni mzigo. Lakini maisha ya Banting yanatufunza kwamba hati ni kama kufuli. Humlinda au humzuia mtu kwa kadiri ya nia ya ashikaye ufunguo.

Kwa hiyo mtafiti wetu agunduapo jambo katika mwani au karafuu, asilitangaze kabla ya kuliandikisha, kwani likishatangazwa haki ya hataza huweza kupotea. Nao wakuu wanaoidhinisha mikataba hawana budi kuhakikisha kuwa fungu la mnyonge limeandikwa humo kabla wino haujakauka.