Munganga John Cade na Chumvi ya Litiamu

Wanafunzi wenzetu, huku kwetu mtu akianza kuongea usiku kucha, kuimba na kukimbia hovyo, watu wanasema tu: amerogwa. Mwezi mwingine huyo huyo anajifungia nyumbani, hataki kula wala kusalimia. Kuna munganga aliyefikiri kwamba shida hiyo iko ndani ya mwili, tena inaweza kutafutwa.

John Cade alizaliwa mwaka 1912 kule Murtoa, Australia. Baba yake pia alikuwa munganga, akatumika katika hospitali za wagonjwa wa akili, na mtoto akakomalia karibu nao. Singapore ilipoanguka mwaka 1942, Wajapani walimfunga Changi zaidi ya miaka 3.

Kiisha vita alitumika Bundoora, Melbourne. Laboratware yake? Chumba kizee cha kutunzia vyakula! Alikusanya mikojo ya wagonjwa, akaiweka ndani ya frigo ya nyumbani (bibi yake alikuwa mvumilivu kweli), halafu akapiga dende sindano, dende sawa wale tunaofuga jikoni. Alidhani mikojo ile ina sumu ya wazimu. Ili asidi ya mkojo iyeyuke vizuri, akaichanga na litiamu. Kumbe dende wakatulia! Aliwalaza chali, nao wakabaki kumwangalia tu. Fikra ya kwanza haikuwa sawa, lakini njia ilifunguka.

Litiamu aliimeza yeye mwenyewe kwanza. Machi 1948 akampa mwanaume wa miaka 51, aliyekuwa na fujo miaka 5 mfululizo. Miezi michache tu, yule akarudi kwao na kwa kazi yake. Mwaka 1949 Cade akaandika habari za wagonjwa 10 wa namna hiyo.

Lakini mgonjwa yule wa kwanza aliacha dawa, fujo ikarudi. Wakampa tena, na mwaka 1950 litiamu ikamuua, maana ikizidi kidogo katika damu ni sumu. Cade akaiacha. Ni wengine waliojifunza kupima damu ya mgonjwa, na mwaka 1954 Mogens Schou wa Danemark akahakikisha kwamba dawa inafaa. Marekani waliikubali mwaka 1970 tu. Cade alikufa mwaka 1980.

Litiamu hiyo hiyo imejaa ndani ya udongo wa Manono, katika inchi yetu. Wanaitafuta sana leo, lakini kwa ajili ya betri.