Tom Mboya na Jumamosi ya Fuawe

Kila nipitapo Jogoo Road, iliyoitwa Doonholm Road zama za ukoloni, nikafika karibu na ukumbi wa Kaloleni, humkumbuka hayati Tom Mboya. Wengi humkumbuka kwa suti zake na kwa ndege zilizowapeleka vijana wetu kusoma Marekani kuanzia 1959. Mimi humkumbuka kwa habari ya mitaa hii, na hasa kwa Jumamosi moja ambayo wazee wa Bahati na Pumwani hawakuisahau.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, lakini alikua na watoto wa Kikamba na Kikuyu, akazijua lugha zao. Alisomea kazi ya bwana afya, akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Siku moja mama mmoja wa Kizungu alileta maziwa yapimwe, akamkuta Mboya peke yake ofisini, naye akauliza kama hakuna mtu humo ndani! Kijana hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23 tu, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Ndipo ikaja tarehe 24 Aprili 1954. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba Mau Mau wa misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walilishwa na Nairobi: fedha, dawa, risasi na vijana wapya vilitoka mitaa ya Eastlands. Basi Jenerali Erskine akauzingira mji alfajiri kwa askari na polisi wapatao 25,000. Operesheni hiyo waliiita Anvil, yaani fuawe, lile chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake. Nyumba zilipekuliwa mtaa baada ya mtaa. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Gunia likitikisa kichwa, mtu amekwisha. Maelfu walipelekwa Langata, kisha Manyani na Mackinnon Road; waliotiwa kizuizini walizidi 20,000. Wake na watoto wengi walirudishwa mashambani.

Vyama vya wafanyakazi vilibaki maganda matupu, kwa kuwa viongozi wengi walikuwa Wakikuyu. Mboya, Mjaluo, aliachwa. Tangu hapo wako waliosema kwamba alipanda juu ya migongo ya waliofungwa. Siwezi kuyapuuza maneno hayo, maana nafasi ilikuwa wazi kweli. Lakini vyama vya siasa vilikuwa vimefungiwa, na shirikisho ndilo lililobaki kuwa mdomo wa Mwafrika. Kijana huyo aliutumia mdomo huo kulalamikia watu kukamatwa ovyo, na angaliweza kunyamaza akala mshahara wake.

Uchaguzi wa 1957 haukumaliza ubishi. Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek, aliyewatetea washtakiwa wa Mau Mau mahakamani, kwa kura chache. Lakini Wakikuyu wachache tu waliruhusiwa kupiga kura, maana walitakiwa kwanza kuwa na hati ya utii kwa serikali.

Kwangu mimi hukumu ilitolewa 1961. Katika Nairobi Mashariki wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, baadhi yao wakiwa wametoka vizuizini juzijuzi. Mpinzani wake alikuwa Dk. Munyua Waiyaki, Mkikuyu. Watu wa mitaa ile ile iliyozingirwa walimpa Mboya zaidi ya kura tisa katika kila kumi.

Ilikuwa tena Jumamosi, 5 Julai 1969, alipopigwa risasi akitoka duka la dawa katika Government Road, sasa Moi Avenue. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, na hakuwa ametimiza miaka 39. Mtu aliyehukumiwa na kunyongwa kwa mauaji hayo alikuwa Mkikuyu. Siku ya misa, nje ya kanisa la Holy Family, mawe yalirushwa na mabomu ya machozi yakajibu. Kisha jeneza likasafirishwa hadi Rusinga, na kule Eastlands majirani waliompigia kura pamoja miaka minane nyuma wakawa wanatazamana kwa hofu.