Oliver Tambo: mwanasheria aliyeongoza vijana wenye hasira

Msikilizaji, ukipanda basi la Morogoro kutoka Kilosa, ukishapita Dumila na Magole unafika Dakawa. Wengi tunapajua kwa mpunga. Ila kuanzia 1982 hapo walikaa wakimbizi wa Afrika Kusini, wengi wao vijana, wa chama cha ANC. Kiongozi wa chama hicho alikuwa mwanasheria, Oliver Tambo.

Alizaliwa 27 Oktoba 1917 huko Bizana. Alifundisha hisabati kwanza, kisha mwaka 1952 akafungua ofisi ya uwakili Johannesburg pamoja na Nelson Mandela, wakiwatetea watu weusi walioshtakiwa kwa sheria za ubaguzi. Machi 1960, baada ya polisi kuua watu 69 Sharpeville, chama kilimtuma nje ya nchi. Alikaa uhamishoni miaka 30.

Mwaka 1976 vijana wa Soweto walipigwa risasi, na maelfu wakakimbia nchi. Wengi walitaka bunduki. Tanzania ikatoa Mazimbu, shamba la zamani la mkonge pale Morogoro, wakajenga shule. Waliochagua vita walipelekwa Angola.

Huko Angola ndiko kulikokuwa na tatizo. Majasusi wa makaburu walijipenyeza kambini, na kila mgeni akashukiwa. Vijana walinzi waliwatesa vijana wenzao. Tambo alimwita mwanasheria Albie Sachs kutoka Maputo, akamweleza wazi kuwa mateso yapo, akamwomba aandike kanuni. Juni 1985, mkutano wa Kabwe, Zambia, ulizipitisha: mshukiwa asikilizwe, awe na wa kumtetea, na asiteswe kwa sababu yoyote, hata kama ni jasusi wa adui. Sisi wa Kilosa, tuliozika watu 38 wa Rudewa Mbuyuni Desemba 2000, tunajua ilivyo kazi kumwambia kijana aliyefiwa asilipize.

Mimi naona alichelewa. Baadhi ya vijana walioasi mwaka 1984 walikaa kifungoni hadi mwishoni mwa 1988, na kanuni zilikwishapita. Walipoachiwa waliletwa hapo Dakawa, wakaishi na wenzao, na wengine wakachaguliwa kwenye kamati.

Tambo alirudi kwao Desemba 1990, akiwa amedhoofishwa na kiharusi. Alifariki 24 Aprili 1993, uchaguzi wa kwanza wa watu wote ukiwa umebakiza mwaka mmoja. Mazimbu ilikwisha kukabidhiwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.