Imamu Ibnul Qayyim: Ibada, Siha ya Mwili na Utulivu wa Moyo

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, sisi tukaao Sironga, juu ya vilima vya Nyamira penye mashamba ya chai, twajua jinsi maji ya alfajiri yalivyo baridi. Mtu aamkaye kutawadha wakati huo hujiuliza, japo kwa siri ya moyo wake, kama ibada hii yaufaa mwili wake au yaudhuru. Swali hili limeletwa mara nyingi katika darsa yetu, na tumesikia majibu ya namna mbili, na yote mawili yatutia khofu. Wako wasemao kwamba Sala ni mazoezi ya viungo na Saumu ni njia ya kupunguza unene, kana kwamba Mwenyezi Mungu hakuziamrisha ila kwa sababu hiyo. Na wako wasemao kwamba mwenye kusali na kusoma Qur'ani hana haja ya tabibu, wakamweka mgonjwa wao nyumbani mpaka maradhi yakamshinda nguvu. Hao wa kwanza wameipunguza ibada heshima yake, na hawa wa pili wameitwisha mzigo ambao Sheria haikuitwisha.

Tumeona kwamba jibu lililo bora ni kueleza maisha ya mtu aliyeyajua mambo yote mawili, ibada na utabibu, na akaonja mwenyewe maradhi, kifungo na tauni. Mtu huyo ni Imamu Shamsuddin Muhammad bin Abi Bakr, ajulikanaye kwa jina la Ibnul Qayyim al-Jawziyya.

Alizaliwa mwezi 7 Safar mwaka 691 wa Hijra, yaani mwaka 1292, katika nchi ya Sham. Baba yake alikuwa msimamizi wa madrasa iitwayo al-Jawziyya katika mji wa Damascus. Msimamizi kwa Kiarabu ni qayyim, na hiyo ndiyo asili ya jina la mwanawe: mtoto wa msimamizi wa al-Jawziyya. Kwa baba yake alisoma elimu ya mirathi, na kwa wanavyuoni wengine akasoma lugha, Fiqhi, Hadithi na Usuli. Alipenda mno vitabu, akavikusanya kwa wingi.

Katika mwaka 712 wa Hijra (1313), Sheikh Taqiyuddin Ahmad Ibn Taymiyya alirejea Damascus kutoka Misri. Ibnul Qayyim alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Alimwandama mwalimu huyo, asimwache mpaka mauti yalipowatenganisha miaka kumi na sita baadaye. Kwake alijifunza kutafuta dalili na kutofuata jambo kwa sababu tu wazee walilifanya. Na kwake aliona kwa macho yake jinsi moyo unavyousaidia mwili. Ameeleza kwamba mwalimu wake aliugua, na tabibu akamwambia aache kusoma na kusomesha kwa kuwa kazi hiyo ingemzidishia maradhi. Sheikh akamwuliza tabibu kama si kweli kwamba nafsi ikifurahi, mwili hupata nguvu za kuyaondoa maradhi. Tabibu akakubali. Sheikh akamwambia kwamba nafsi yake yeye hufurahi kwa elimu, na kwa hiyo hupata raha. Tabibu akakiri kwamba jambo hilo liko nje ya utabibu wao.

Mtihani mkubwa ulimfika mwaka 726 wa Hijra (1326). Kulikuwa na ikhtilafu kubwa juu ya fatwa ya Ibn Taymiyya kuhusu kufunga safari kwa ajili ya kuzuru makaburi, na watawala wakaamuru mwalimu na mwanafunzi wafungwe katika ngome ya Damascus. Ibnul Qayyim alipigwa na kuzungushwa mjini mbele za watu, kisha akafungwa mahali mbali na mwalimu wake. Alikaa kifungoni yapata miaka miwili. Ibn Taymiyya alifariki humo ngomeni mwaka 1328, na mwanafunzi wake hakufunguliwa ila baada ya mauti hayo.

Tufikiri, ndugu msomaji, hali ya mtu aliyevunjiwa heshima hadharani, akafungiwa peke yake, na akampoteza ampendaye bila ya kuwa karibu naye. Wangapi wamepotewa na akili kwa mambo yaliyo chini ya hayo! Mwanafunzi wake Ibn Rajab, aliyeandika maisha yake, ameeleza kwamba muda wote wa kifungo alijishughulisha na kusoma Qur'ani kwa kuzingatia na kufikiri, na kwamba alifunguliwa kheri nyingi kwa sababu hiyo. Alitoka ngomeni na moyo mzima, wala hakutoka na chuki. Mwanachuoni mwenziwe Ibn Kathir, aliyekuwa sahibu yake, amemsifu kwamba alikuwa mtu wa mapenzi mengi, asiyemhusudu mtu wala kumwudhi wala kumtafutia aibu.

Ibn Kathir ameeleza pia Sala yake. Alikuwa akirefusha mno rukuu na sijida, na wenziwe walimlaumu mara nyingi, naye hakuacha. Baada ya Sala ya Alfajiri alikaa mahali pake akimtaja Mwenyezi Mungu mpaka jua likapanda, na alikuwa akisema kwamba hicho ndicho chakula chake cha asubuhi, na asipokipata nguvu zake huanguka. Wajuao kazi ya kuchuma chai kwa kikapu mgongoni wataelewa maana ya chakula cha asubuhi. Kwa mtu huyu, moyo nao ulikuwa na njaa yake.

Alihiji mara nyingi, na akakaa Makka kwa muda. Huko aliugua, na hapo ndipo pana kisa ambacho wengi hukitaja nusu. Ameandika kwamba alichukua maji ya Zamzam, akayasomea Suratul Fatiha mara kadhaa, akayanywa, na akapata nafuu. Wasemao kwamba tabibu hana kazi hushika kisa hiki na kukisimulia. Lakini nusu wasiyoitaja ni kwamba yeye mwenyewe amesema alikuwa mahali asipopata tabibu wala dawa. Hakumwacha tabibu aliyekuwapo. Alitumia alichokuwa nacho, na Mola wake hakumwacha.

Kitabu chake mashuhuri ni Zad al-Ma'ad, kinachoeleza mwenendo wa Mtume (S.A.W.). Amesema katika utangulizi wake kwamba alikiandika akiwa safarini. Sehemu yake moja kubwa ni juu ya utabibu, na watu wameitoa na kuipiga chapa peke yake kwa jina la al-Tibb al-Nabawi. Humo ameeleza kwamba Sala huhifadhi siha, huupa moyo nguvu, huondoa uvivu na huchangamsha viungo. Kisha akamgeukia tabibu asiyeamini hayo, akamjibu kwa lugha ya kazi yake: Sala ni mazoezi ya nafsi na ya mwili pamoja, kwa kuwa ndani yake mna kusimama, kurukuu, kusujudu na kukaa, na kwa kubadilika hivyo viungo vingi hutikisika, na pamoja navyo tumbo na matumbo. Juu ya Saumu amesema kwamba ni ngao ya maradhi ya roho, ya moyo na ya mwili, na kwamba huvipumzisha viungo vya ndani. Lakini ameshurutisha kwamba ifungwe kwa kiasi na kwa wakati wake.

Na tazameni uaminifu wake. Iko Hadithi isimuliwayo kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Huraira, aliyekuwa na maumivu ya tumbo, asimame asali kwa kuwa ndani ya Sala mna shifaa. Hadithi hii ingemfaa sana Ibnul Qayyim katika hoja yake. Hata hivyo aliwaeleza wasomaji wake kwamba lililo karibu na kweli ni kuwa maneno hayo ni ya Abu Huraira mwenyewe, naye alimwambia Mujahid. Hakutaka kuisaidia Sala kwa kumsingizia Mtume.

Jambo lililo kubwa kuliko yote katika sehemu hiyo ni misingi mitatu ya utabibu aliyoitoa katika Qur'ani. Wa kwanza ni kuhifadhi siha, na dalili yake ni ruhusa ya mgonjwa na msafiri kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine. Wa pili ni kujikinga na lidhurulo, na dalili yake ni ruhusa ya mgonjwa kutayamamu kwa mchanga badala ya maji. Wa tatu ni kutoa mwilini kilicho kibaya, na dalili yake ni ruhusa ya hujaji mwenye udhia wa kichwa kunyoa nywele zake kabla ya wakati, na akatoa fidia. Zingatieni, ndugu zetu: misingi hii yote mitatu imo katika ruhusa za ibada. Aliyeamrisha maji ndiye aliyeruhusu mchanga, na aliyeamrisha njaa ndiye aliyeruhusu chakula. Basi ibada huufaa mwili kwa kuwa imewekwa kwa kipimo, na mwenye kukivunja kipimo kwa kudhani kwamba azidisha ucha Mungu, amejidhuru na hakutii.

Ameeleza tena kisa cha mtu aliyejeruhiwa zama za Mtume (S.A.W.). Waliletwa watu wawili wa kabila la Bani Anmar ili wamtazame, naye Mtume akauliza yupi kati yao aliye hodari zaidi katika utabibu. Ibnul Qayyim akatoa humo hukumu kwamba katika kila ufundi yafaa kumtafuta aliye bingwa zaidi. Jambo hili si geni kwa wazee wa Kisii. Nchi hii ilisifika kwa ababari, mafundi waliopasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu la aliyepigwa au aliyeanguka akabaki na maumivu. Na katika kitabu kicho hicho ameandika kwamba mwenye kutibu watu bila ya kuujua utabibu hulipa dhamana ya alichokiharibu. Wenye kuuza dawa za kila maradhi sokoni na wayasikie hayo.

Utabibu wa miili alioutumia ulikuwa wa zama zake, wa hesabu ya vimiminiko vinne vya mwili, na mengi ya hayo elimu ya leo imeyaacha. Twamheshimu kwa kuyasema haya wazi, kwani yeye mwenyewe alitufundisha kufuata dalili.

Maradhi ya moyo aliyaandikia kitabu kizima, al-Da' wa al-Dawa', kumjibu muulizaji mmoja aliyefikwa na balaa lililotaka kumharibia dunia yake na akhera yake. Hakumkemea muulizaji huyo wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba. Alianza kwa kumbashiria kwamba kila ugonjwa una dawa, na dawa ya ujinga ni kuuliza. Basi aliye na huzuni isiyoondoka, asiyelala wala kula, asifichwe nyumbani kwa aibu. Na asali, na aombewe dua, na apelekwe kwa tabibu wa maradhi hayo.

Mwaka 749 wa Hijra (1348) tauni kubwa iliingia Damascus. Msafiri Ibn Battuta alikuwako, na ameeleza jinsi watu walivyofunga siku tatu, kisha wakatoka kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, Waislamu, Mayahudi na Wakristo, wakimlilia Mungu. Mwanachuoni Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, alipoyachunguza mambo hayo aliandika kwamba mkusanyiko ule haukuyapunguza maradhi bali yalizidi baada yake. Ibnul Qayyim aliishi katika siku hizo. Naye katika Zad al-Ma'ad ameeleza hekima ya amri ya Mtume (S.A.W.) kwamba watu wasiingie katika nchi yenye tauni wala wasitoke humo kuikimbia. Misikiti ilipofungwa hapa Kenya mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi walihuzunika, na huzuni hiyo ilikuwa ya haki. Lakini aliyesali nyumbani kwake siku zile hakuikimbia ibada.

Ibnul Qayyim alifariki usiku wa kuamkia Alkhamisi, mwezi 13 Rajab mwaka 751 wa Hijra (1350), wakati wa adhana ya Isha, akiwa na umri wa miaka sitini kwa hesabu ya Hijra. Alisaliwa kesho yake baada ya Adhuhuri katika Msikiti wa Bani Umayya, akazikwa katika makaburi ya Bab al-Saghir, karibu na mama yake.

Ndugu zetu, haya ndiyo tuyatakayo kwenu. Saleni kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameamrisha, na siha itakayokuja ipokeeni kama zawadi. Maji yakiwa baridi yapasheni moto, wala hapana katazo. Mwenye ugonjwa wa sukari na amwendee daktari kabla ya Ramadhani, na akikatazwa kufunga asione kwamba amefukuzwa mlangoni pa Mola wake, kwani ruhusa nayo ni mlango. Na tuamkapo alfajiri hapa Sironga, ukungu ukiwa bado juu ya michai, tukae kitambo kidogo baada ya Sala kabla ya kushika vikapu vyetu. Hicho ni chakula ambacho hata maskini wetu aweza kukila.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ibnul Qayyim, awaponye wagonjwa wetu, na atupe afya ya mwili na utulivu wa moyo. Amin. Wabillahi taufiq.