Watu, Walowezi na Nasaba ya Laura Wilder

Majuzi mwalimu mmoja wa shule ya upili, ambaye zamani nilimfundisha isimu, alinijia ofisini na swali. Alikuwa akiwaandalia wanafunzi wake muhtasari wa maisha ya Laura Ingalls Wilder, mwandishi Mmarekani wa hadithi za watoto, na mumewe Almanzo. Wakulima hao waliohamia nchi za magharibi ya Marekani alikuwa amewaita watangulizi. Nilimshauri aandike walowezi. Akasita, akidai kwamba neno hilo lina ukali mno kwa watu wema kama wale.

Kitenzi kulowea, msomaji ajuavyo, hakina ubaya wowote. Maana yake ni kuhamia mahali na kufanya maskani huko. Ukali wake kwetu umetokana na historia ya mashamba ya Bonde la Ufa. Hata hivyo, kusita kwa mwalimu huyo kulinifanya niifuatilie upya nasaba ya wanandoa hao, si kwa hadithi za Laura peke yake, bali pia kwa kumbukumbu za sensa, hati za ardhi na mawe ya makaburi ambazo wanahistoria wamezichambua kwa miaka mingi.

Almanzo alizaliwa tarehe 13 Februari 1857 karibu na Malone, jimbo la New York, katika jamaa ya wakulima wenye uwezo. Laura alizaliwa tarehe 7 Februari 1867 karibu na Pepin, Wisconsin. Babaye, Charles Ingalls, alikuwa fundi seremala, mwindaji na mpiga fidla hodari, ila hakutulia. Ukoo wake ulikuwa umefika Massachusetts kutoka Uingereza katika karne ya 17, na vizazi vyake vya baadaye vikazidi kusogea magharibi. Charles mwenyewe alizaliwa New York, akakulia Illinois, akaoa Wisconsin mwaka 1860.

Mwaka 1869 aliwapakia mkewe Caroline na binti zake wawili katika gari la farasi, akawapeleka Kansas. Hapo ndipo nasaba na hadithi zinapoachana. Katika kitabu chake Little House on the Prairie cha 1935, Laura aliiweka nyumba yao maili 40 kutoka mjini, ilhali ilikuwa yapata maili 13 tu kutoka Independence. Kosa hilo ni dogo, maana alikuwa mtoto wa miaka miwili walipohamia huko. Kubwa ni lile lililomo katika sensa ya 1870. Karani aliiandikisha jamaa ya Ingalls, lakini hakuwawekea thamani yoyote ya ardhi, na akaeleza kwamba ardhi ya eneo lile ilikuwa mali ya Waosage na wageni hawakuwa na haki nayo. Charles alikuwa amejenga katika shamba la wenyewe. Mwaka 1870 Waosage walishurutishwa kukubali kuuza ardhi yao, wakahamishiwa nchi ambayo leo ni Oklahoma. Jamaa ya Ingalls nao waliondoka mwaka 1871.

Toleo la kwanza la kitabu hicho lilimweleza mtoto msomaji kwamba nchi ile haikuwa na watu, ila wenyeji wa asili tu. Msomaji mmoja aliandika kulalamika mwaka 1952. Laura, aliyekuwa na umri wa miaka 85, alikiri kosa bila ubishi, na katika toleo la 1953 neno lenye maana ya watu likaondolewa, likatiwa lenye maana ya walowezi. Nimefundisha semantiki kwa miaka mingi, na ni nadra kupata mfano wa wazi kuliko huo. Badiliko la neno moja liliwarudishia watu wa kabila zima utu wao. Wapo wasioridhika na sahihisho hilo, na mwaka 2018 chama cha wakutubi wa Marekani wanaohudumia watoto kililiondoa jina la Laura katika tuzo yake. Mimi ningependelea kitabu kisomwe, na sensa ya 1870 iwekwe kando yake.

Yako mengine yaliyoachwa. Huko Minnesota nzige waliifyeka ngano ya Charles. Mwaka 1875 akazaliwa mtoto wa kiume, Charles Frederick, naye akafariki Agosti 1876 kabla ya kutimiza mwaka. Mtoto huyo hamo katika vitabu, wala mji wa Burr Oak, Iowa, walikokwenda kuhangaika baada ya msiba.

Laura na Almanzo walikutana De Smet, Dakota. Laura alifundisha shule kwa mihula mitatu kabla ya kuolewa, jambo ambalo walimu wetu watalipenda. Walifunga ndoa tarehe 25 Agosti 1885, yeye akiwa na miaka 18 na mumewe 28. Almanzo alikuwa amejiandikisha kupata ardhi chini ya sheria ya mwaka 1862, iliyompa raia ekari 160 akilima na kukaa kwa miaka mitano. Miaka ya mwanzo ya ndoa yao ilikuwa mikosi mitupu. Mvua ya mawe iliangamiza ngano. Mwaka 1888 wote wawili waliugua dondakoo, na Almanzo akapatwa na kiharusi kilichomwacha akichechemea maisha yake yote. Kiangazi cha 1889 walizaa mtoto wa kiume, akafa kabla ya kupewa jina. Mwezi uo huo wa Agosti aliofariki, nyumba yao ikateketea kwa moto. Alibaki binti mmoja, Rose, aliyezaliwa 1886.

Mwaka 1894 walisafiri kwa gari la farasi hadi Mansfield, Missouri, wakanunua ekari 40 za mawe na vichaka. Waliuza kuni, wakafuga kuku, wakasubiri miaka mingi miche ya matufaha izae. Shamba lilikua likafika kama ekari 200. Mwaka 1911 Laura alianza kuandika katika gazeti la wakulima, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1932, akiwa na miaka 65. Rose, aliyekuwa mwandishi mashuhuri, aliihariri sana miswada hiyo.

Ndoa yao ilidumu miaka 64, hadi Almanzo alipofariki tarehe 23 Oktoba 1949. Laura alimfuata tarehe 10 Februari 1957. Dada zake watatu hawakupata watoto, naye Rose alifariki mwaka 1968 bila kuacha mtoto. Uzao wa Charles na Caroline ukakoma hapo. Laura, Almanzo na Rose wamezikwa Mansfield. Mtoto asiye na jina amelala De Smet, na jiwe lake linamtaja kama mwana wa baba yake tu.

Mwalimu alirudi juma lililofuata na muhtasari wake. Alikuwa ameandika walowezi, na chini yake akaongeza aya nzima juu ya Waosage.