J. J. Thomson na Mrija wa Mita 15

Wengi wetu tunazikumbuka taa ndefu za mirija, zilizokuwa zikipepesa kwanza ndipo ziwake. Ndani ya mrija wa namna hiyo mna gesi kidogo mno, nayo haipitishi umeme mpaka chembe zake zivunjwe. Mvunjiko huo huanzia upande mmoja na kukimbia kama wimbi hadi upande wa pili. Leo twamweleza mtu aliyepima mbio zake.

Joseph John Thomson alizaliwa tarehe 18 Desemba 1856 huko Cheetham Hill, Manchester, Uingereza. Baba yake, muuza vitabu, alitaka awe injinia, lakini nafasi ya uanagenzi ilikuwa haijapatikana, hivyo akamtia Owens College akiwa na miaka 14. Mwaka 1873 baba akafariki, na fedha za uanagenzi hazikuwapo tena. Sisi tuliofundisha miaka mingi tumewaona watoto wa namna hii; ada ikikosekana, safari imekwisha. Thomson aliokolewa na hesabu. Mwaka 1876 aliingia Trinity College, Cambridge, kwa msaada wa masomo.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28 tu, alipewa kuongoza maabara ya Cavendish. Wazee walishangaa. Tena mikono yake ilikuwa mizito, na vyombo vya kioo havikuwa salama akivigusa. (Walimu wenzetu wa sayansi wapate faraja.) Aliyemwundia vyombo kwa miaka mingi ni fundi Ebenezer Everett.

Thomson alitwaa mrija wa kioo wa urefu wa mita 15 na upana wa milimita 5, hewa ikapunguzwa ndani, akapitisha umeme na kuutazama mwangaza katika kioo cha kujitazamia kilichozungushwa kwa kasi. Kwa macho matupu mrija wote huwaka mara moja. Katika kioo kile sivyo: sehemu iliyochelewa kuwaka, sura yake iliangukia kando kidogo. Mwangaza ulitoka upande chanya kwenda upande hasi, kwa mwendo uliozidi nusu ya ule wa nuru, yaani zaidi ya kilomita 150,000 kwa sekunde. Hayo aliyachapisha mwaka 1893. Chembe zenyewe hazisafiri hivyo. Kinachokimbia ni ule mvunjiko, kama habari ipitayo mdomo kwa mdomo nao wasemaji wamekaa kwao.

Hakuiacha mirija. Mwaka 1897 ndani yake akaitambua elektroni, na mwaka 1906 akapewa Tuzo ya Nobel. Alifariki tarehe 30 Agosti 1940, majivu yake yakazikwa Westminster Abbey, karibu na kaburi la Newton.