Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya

Kila asubuhi tusimamapo mstarini kuimba wimbo wa taifa, maneno twayajua na sauti twaijua, lakini ukimwuliza mwanafunzi ni nani aliyeitunga sauti ile, atakutazama tu. Wengine hudhani ilitungwa Dar es Salaam mwaka 1961, tulipopata Uhuru. Sivyo hata kidogo. Usiku ule bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, mtunzi wa sauti ile alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 56, na kaburi lenyewe lilikuwa limepotea.

Jina lake lilikuwa Enoch Mankayi Sontonga. Alizaliwa yapata mwaka 1873 katika mji wa Uitenhage, upande wa mashariki wa Cape, Afrika Kusini, naye alikuwa Mxhosa. Habari za utoto wake ni chache. Alisomea ualimu Lovedale, chuo cha misheni kilichokuwa na sifa kubwa katika nchi zile, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg.

Yafaa tufahamu Johannesburg ya siku zile ilikuwa mji wa namna gani. Dhahabu ilivumbuliwa pale mwaka 1886, na kabla ya hapo palikuwa na mashamba na majani tu. Katika muda wa miaka kumi mji mzima ukaota. Wanaume Waafrika walikuja kutoka kila upande, wakaacha wake zao na ng'ombe wao, wakashuka chini ya ardhi kuchimba mali isiyokuwa yao. Jioni walirudi kulala katika mabweni ya migodi, na barabarani hawakuweza kutembea pasipo hati ya ruhusa. Mwalimu Sontonga alifundisha karibu na mji huo, na shida za watu wake alikuwa akiziona kila siku. Ndiyo sababu nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni.

Alioa mke, Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakapata mtoto mmoja wa kiume. Mbali na ualimu alikuwa akipiga picha, tena akihubiri kanisani. Lakini kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kwaya.

Mwalimu wa kwaya zamani zile hakuwa na vitu vingi. Alikuwa na ubao, chaki, na herufi za do, re, mi. Namna hiyo ya kuandika muziki kwa herufi ilienezwa Uingereza na mtu aitwaye John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaichukua mpaka Afrika. Faida yake ni kwamba haihitaji mistari mitano wala kinanda. Mwalimu huandika herufi za sauti nne, moja chini ya nyingine, na watoto wakisha jua kupanda na kushuka kwa zile herufi, waweza kuimba wimbo ambao hawajapata kuusikia. Wale wenzetu waimbao katika kwaya za makanisa wanaijua sana, kwa maana hata leo yatumika.

Sontonga aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, maneno na sauti, akawaandikia kwa mkono katika karatasi alizozipata. Baadaye akazikusanya katika daftari moja la shule. Nia yake ilikuwa kuzipiga chapa siku moja.

Katika daftari hilo mlikuwa na wimbo alioutunga mwaka 1897, alipokuwa na umri wa miaka 24 hivi, umri wa mwalimu kijana aliyeanza kazi juzijuzi. Ulikuwa na ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa, ukimwomba Mungu aibariki Afrika. Haukuwa wimbo wa taifa lo lote, maana taifa la kuuimba halikuwapo. Ulikuwa sala ya watoto wa shule. Watu wenye elimu ya muziki huona katika sauti yake athari ya nyimbo za dini za Ulaya, na bila shaka ipo, kwani Sontonga alilelewa nazo. Lakini mtu asiidharau kwa sababu hiyo. Mwendo wake ni wa polepole, hatua zake si ngumu, na sauti zote nne hutembea pamoja kama watu washikanao mikono. Mtoto aweza kuushika kwa siku moja, na umati wa watu wasiopata kufundishwa waweza kuuimba bila ya kiongozi. Kutunga jambo jepesi namna hiyo si rahisi. Mwalimu wetu wa kwaya atakuwa shahidi wangu.

Mwaka 1899 wimbo uliimbwa mara ya kwanza mbele ya hadhara, mchungaji mmoja wa Kimethodisti alipowekwa wakfu. Kwaya ya Sontonga ilizunguka ikiimba Johannesburg na Natal, na watu wakawa wakizipenda nyimbo zake. Hata tarehe 18 Aprili 1905 akafariki dunia, umri wake wapata miaka 32. Hakuwa amepiga chapa hata wimbo mmoja.

Hapa pana jambo la kusikitisha. Baada ya kifo chake walimu wa kwaya nyingine walikuwa wakija kwa mjane Diana kuazima nyimbo, naye hakuwanyima. Daftari likaenda likirudi, mkono kwa mkono, mpaka siku moja halikurudi tena. Halijaonekana mpaka leo. Nyimbo alizotunga kwa miaka mingi karibu zote zimepotea pamoja nalo. Yasemekana pia kwamba haki ya wimbo ule mmoja Diana aliiuza kwa peni sita, yaani kiasi cha sumni moja ya wazee wetu. Mama huyo alikufa mwaka 1929.

Lakini wimbo wenyewe ulikuwa umekwisha toka. Tarehe 8 Januari 1912 viongozi Waafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama chao, kile kilichoitwa baadaye ANC, waliuimba walipofunga mkutano. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoongozwa na mtunzi Reuben Caluza, iliuimba katika matamasha yake, na wengi wakaujua kwa njia hiyo. Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi mashuhuri, aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi, na mwaka 1927 mshairi S. E. K. Mqhayi akauongezea beti saba.

Ukavuka mipaka. Tanganyika iliuchukua mwaka 1961 kwa maneno ya Kiswahili, na Zambia ikatumia sauti ile ile mwaka 1964 kwa maneno mengine. Zimbabwe nayo iliutumia tangu mwaka 1980 mpaka 1994. Kwao Afrika Kusini wenyewe uliimbwa kwa miaka mingi katika mikutano na mazishi, nao waliouimba walikuwa wakipigwa na kufungwa. Ni mwaka 1994 tu ulipokuwa wimbo wa taifa katika nchi ya mtunzi, nao mwaka 1997 ukaunganishwa na ule wa zamani wa Makaburu.

Ndipo watu wakauliza, huyo Sontonga amezikwa wapi? Ilijulikana kuwa ni katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, lakini wakitafuta jina la Sontonga katika vitabu vya makaburi hawalioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likapatikana. Karani wa mwaka 1905 alikuwa amemwandika kwa jina la Enoch tu, katika sehemu ya Wakristo Waafrika, kana kwamba mtu mweusi hana haja ya jina la ukoo.

Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alifika pale, akafunua jiwe la ukumbusho, na kaburi likatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa na taifa. Nishani ya dhahabu aliyopewa mwalimu huyo ilipokewa na mjukuu wake.